Mtoto ana mafua ya mzio: je, achomwe sindano?

SWALI: Binti yangu ana miaka 6. Kila akiamka anapiga chafya mfululizo, pua inawasha na kuziba. Nampa Piriton, lakini mwalimu analalamika kwamba anasinzia darasani. Nimesikia kuna sindano moja inayomaliza aleji. Nimpeleke?

JIBU: Subiri kwanza, mama. Anza kwa kuachana na Piriton. Ni antihistamini (dawa ya kutuliza aleji, yaani mzio) ya zamani inayoingia kwenye ubongo, ndiyo maana inamlaza. Badala yake tumia setirizini, antihistamini mpya zaidi; haileweshi kiasi hicho. Ile ya maji yenye miligramu 5 katika mililita 5, kwa umri wake huanza na mililita 5 mara moja kwa siku. Pima kwa bomba la kupimia dawa, si kijiko cha jikoni. Mwenye matatizo ya figo apangiwe na daktari.

Setirizini hutuliza chafya na muwasho, ila pua iliyoziba haiisaidii sana. Hapo dawa ya steroidi (inayopunguza uvimbe) ya kupuliza puani, kama flutikasoni, ndiyo yenye nguvu: kwa miaka 4 hadi 11, mpulizo 1 kila tundu, mara moja kwa siku. Wengi huitupa siku ya tatu wakidai haifanyi kazi, kumbe inaweza kuchukua wiki 2. Wengine huielekeza katikati, ukuta wa pua unachubuka na damu inatoka. Apenge kamasi, utikise chupa, ainame mbele kidogo. Tundu la kushoto lipulizwe kwa mkono wa kulia, ncha ikielekea upande wa sikio. Avute hewa taratibu; akivuta kwa nguvu dawa inaishia kooni.

Matone ya kuzibua pua hayafai hapa. Yakizidi siku 5, pua huziba kuliko mwanzo.

Chafya za asubuhi mara nyingi husababishwa na utitiri wa vumbi, vidudu vidogo mno vinavyoishi kitandani. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Maji ya baridi hayauui.

Sasa hiyo sindano. Tiba halisi ya kuuzoesha mwili kile kinachouletea mzio ni sindano nyingi, au vidonge vya chini ya ulimi, kwa miaka 3 hadi 5, baada ya kipimo kuonyesha kinachomdhuru. Kila akichomwa hubaki kliniki nusu saa, maana mwili unaweza kucharuka. Kifua kikipiga filimbi au akikohoa usiku, pumu idhibitiwe kwanza. Ile "moja inayomaliza" kwa kawaida ni steroidi ya kukaa mwilini: hutuliza wiki chache tu, na inaweza kudumaza ukuaji. Hiyo ikatae.