Gono na friji havipikiki chungu kimoja

Karibuni benchi la kisonono, tunapootesha kimelea chake, gono, kutoka kwenye swabu (vijiti vya kuchukulia sampuli). Sahani tupu, zisizoota kitu, zimeanza kujaa kwenye pipa la otoklevu, kwa hiyo tuzungumze mapema, kabla hamjaanza kulalamikia ubora wa agari, chakula cha vimelea kilichomo sahanini.

1. Swabu haiingii friji. Chuoni mlizoeshwa kwamba sampuli ikichelewa hukaa nyuzi 4. Kwa mkojo ni sawa. Kwa gono umeua. Na tusijifanye watakatifu: wengi wetu tuliopita hapa tumewahi kufungua ule mlango mweupe jioni, swabu mkononi, tukijiambia "nitapanda kesho". Kesho yake kipimo cha vinasaba husema gono ipo na sahani husema haipo, nawe unaandika "haikuota" bila haya. Bila koloni (vimelea vilivyoota) hakuna MIC, yaani kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia kimelea kuota. Kinachoumiza zaidi ni kwamba kosa hili halimgombezi mtu: sahani iliyouawa na baridi inafanana kabisa na ya asiye na ugonjwa. Kliniki za mbali, ambazo swabu zake ndizo husubiri, hupotea kimyakimya kwenye daftari, kisha asilimia ya usugu wa dawa ya mtaa mmoja inapewa jina la wilaya nzima. Tumeshawahi kuzisoma takwimu za namna hiyo tukitikisa kichwa, huku tukijua zinavyopikwa.

Kwa hiyo panda palepale kliniki. Sahani itolewe friji mapema ipate joto la chumba; viringisha swabu kwa umbo la Z, kisha sahani iingie mtungi wa mshumaa (mtungi uliofungwa wenye mshumaa unaowaka) pamoja na karatasi iliyoloweshwa maji. Mshumaa uwe mweupe, usio na marashi. (Ule wa sherehe ya kuzaliwa uacheni nyumbani.) Ikishindikana, tumia Amies, chombo cha kusafirishia swabu, yenye mkaa, joto la chumba, isizidi saa 24. Swabu iwe ya dakroni au reyoni, maana pamba ya kawaida ina asidi za mafuta zinazoua gono. Na kwa kuwa baadhi ya gono hufa kwa vankomaisini, antibiotiki iliyomo kwenye agari ya Thayer-Martin, panda pia agari ya chokoleti isiyo na dawa ukiweza.

2. Stripu za Etest (vipande vyenye dawa vya kupimia MIC): baridi tena! Pakiti ikitoka friza isubiri ikiwa imefungwa hadi iishiwe ubaridi wote. Ukiifungua mapema, unyevu hutua juu ya stripu, dawa inaharibika, MIC inapanda, na umejitengenezea usugu wa uongo. Ukisoma MIC ya 0.19, ipandishe hadi 0.25, usiishushe.

3. Koloni ziwe za saa 18 hadi 24. Gono hujiyeyusha yenyewe, na iliyolala siku mbili inatoa uteute usiopimika. Mchanganyiko wa vimelea uwe na uzito wa ukungu wa Makifarlandi 0.5, utumike ndani ya dakika 15. Nyuzi 36, isipite 37, CO2 asilimia 5.

4. Kabla hujampigia bosi simu kwamba seftriaksoni, dawa ya gono, imeshindwa, tazama MIC ya ATCC 49226, gono ya kulinganishia, ya siku hiyo: 0.004 hadi 0.015. Ikiwa nje, matokeo yote ya siku ni ya kutupa. Halafu hakikisha ni gono kweli. Sampuli ya koo hukuletea meninjokoki, ndugu yake gono, ambayo nayo ni chanya kwenye kipimo cha oksidesi. Gono huchachusha glukosi pekee, mwenzake glukosi na maltosi. Koo lakini msilidharau: H041, ile gono sugu ya Kyoto ya 2009 yenye MIC ya seftriaksoni ya 2, ilitoka kooni. Andika pia jedwali la mipaka ya usugu ulilotumia, la EUCAST (Ulaya) au CLSI (Marekani). Kimelea chenye MIC ya seftriaksoni ya 0.25 ni sugu kwa EUCAST, ambayo mpaka wake ni 0.125, na kwa CLSI kinaitikia dawa. Wanaochanganya majedwali mawili katika grafu moja wanatuchosha.

5. Hifadhi koloni siku hiyohiyo: supu ya triptoni soya yenye gliserini asilimia 20, nyuzi −80. Hapo sasa baridi ruksa. Mirija miwili, friza mbili, saketi mbili za umeme.