Kayongo, oili chafu na heroe wa Nakuru: majibu ya maswali yenu

Mwalimu alituambia petroli ilikuwa viumbe hai zamani. Ni dinosaria? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Nakuru)

Dinosaria wanasifiwa bure, mwanangu. Mafuta mengi yalitokana na viumbe wadogo mno wa majini, mwani na wengineo, waliokufa wakazama na kufunikwa na tope kabla hawajaoza. Joto na uzito wa matabaka ya juu vikawageuza, kwa mamilioni ya miaka, kuwa mafuta na gesi. Makaa ya mawe yalitokana na mimea ya vinamasi, na mengi yalianza kama miaka milioni 300 iliyopita. Kaboni waliyoichukua hewani enzi hizo ilizikwa nao, na sisi tunaifukua. Mwalimu yuko sawa.

Kayongo imevamia mahindi yangu. Mbolea nayo bei imenishinda. Nifanyeje? (Mama mkulima, Siaya)

Mama, hapo chini ya udongo kuna mdaku. Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi hutoa kemikali ya kuwaita kuvu wanaoishi nayo kwa kusaidiana: kuvu huleta fosforasi kutoka pembe ambazo mizizi haifiki, mizizi huwalipa sukari. Mbegu ya kayongo, gugu linalonyonya mizizi na kuitwa pia striga, ni ndogo kama vumbi na inaweza kulala shambani zaidi ya miaka kumi ikingoja mwito huohuo. Ikiupata huota, hujishika kwenye mzizi na kunyonya. Ukiona ua la zambarau, ujue imekuwa ikila wiki nyingi. Na kwa kuwa mahindi yenye njaa huita zaidi, shamba lililochoka ndilo huumia zaidi.

Dawa yake ni kiumbe mwingine. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, pamoja na wenzao, walikuza kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huiamsha mbegu ya kayongo lakini huizuia kujishika kwenye mahindi, ikafa njaa. Harufu yake hufukuza nondo wa viwavi vinavyotoboa mabua, na nepia huwavuta kando. Ng'ombe naye hula zote mbili. Mbegu za desmodiamu si rahisi, kwa hiyo muombe jirani vipande vya mashina upandikize. Msimu wa kwanza huenda polepole, basi endelea kung'oa kayongo kabla haijachanua, maana mmea mmoja humwaga mbegu makumi ya maelfu.

Kuhusu bei: mbolea ya nitrojeni, kama urea na CAN, kwa kawaida hutengenezwa kwa gesi asilia. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia ambayo nayo ina nitrojeni, ulipita shilingi 6,000 huku kwetu. Kumbe bakteria walio kwenye mizizi ya maharagwe na desmodiamu hufanya kazi hiyohiyo bila gesi hata kidogo. Ng'oa mharagwe mmoja unapochanua, upasue kinundu cha mzizi kwa kucha. Ndani kukiwa na wekundu kama wa nyama, bakteria wako kazini. Kukiwa kweupe au kijani, hakuna kitu. Lakini bakteria hawatengenezi fosforasi. Samadi, na kiasi kidogo cha mbolea shimoni wakati wa kupanda, bado utavihitaji.

Nina gereji ya pikipiki Kondele. Oili chafu namwaga mtaroni, wazee wanasema inaua mbu. Kuna ubaya? (Fundi, Kisumu)

Wazee hawakudanganya, fundi. Viluwiluwi wengi wa mbu hupumulia juu ya maji kwa kimrija, na utando wa oili hukiziba. Shida ni kwamba oili haichagui. Watoto wa kerengende, ambao hula viluwiluwi hao, nao huathirika. Kamongo pia: huyu samaki ana mapafu na lazima apande juu kuvuta hewa, kwa hiyo hukutana na utando huo kila anapopumua. Tena oili iliyotumika ina vyuma kutoka kwenye injini, na maji ya mitaro ya mji huelekea ziwani, tunakovua omena. Weka mtungi mmoja gerejini, ukijaa uza. Oili chafu ina wanunuzi.

Heroe wametukimbia kwa sababu ya moshi wa matatu? (Msomaji, Nakuru)

Moshi una lawama nyingi, hii si yake moja kwa moja. Heroe mdogo (flamingo) hula spirulina, vijiumbe vya kijani vinavyoelea majini, na spirulina hustawi kwenye maji makali ya magadi. Ziwa Nakuru limefurika tangu miaka ya 2010, kutoka kilomita za mraba 40 hivi mwaka 2010 hadi zaidi ya 60 miaka kumi baadaye, na hata lango kuu la zamani la mbuga likamezwa. Magadi yamepungua makali, chakula kikapungua, ndege wakahamia Bogoria na kwingineko. Wengine hurudi chakula kikipatikana. Mvua kubwa ndiyo inayotajwa zaidi kama chanzo, na dunia inayopashwa joto na petroli na makaa ya mawe huongeza mvua za aina hiyo. Hapo ndipo matatu huingia, kwa mlango wa nyuma.

Nimeambiwa gesi ya mtungi inaharibu hewa. Nirudi kwa makaa? (Kakamega)

Usirudi. Gesi hiyo hutoka kwa mafuta na gesi ya chini ya ardhi, ni kweli. Lakini tanuru la makaa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mti hata kabla hujawasha jiko, na moshi wa jiko unauvuta wewe na watoto. Kama una stima ya kuaminika, nunua sufuria ya presha ya umeme kwa githeri, kwani stima yetu nyingi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Chapati pika kwa gesi.