Jibu: Vyombo vya ziada viwafikie vipi wahitaji

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuipelekea familia maskini masufuria, mablanketi na kitanda cha mtoto ulivyobaki navyo baada ya kuhama. Inafaa sana, ila tangulia kuwauliza wanachokosa, kwa sababu wanaoishi katika chumba kimoja huenda hawana pa kuweka kitanda, na kukikataa mbele yako wataona haya. Mablanketi yafuliwe na kuanikwa hadi yakauke kabisa. Sufuria yenye mshikio uliolegea ikazwe skrubu. Kitanda, nakusihi, kipime kwa rula: nafasi kati ya fito ikizidi sentimita 6, mwili wa mtoto mchanga unaweza kupenya na kichwa kikanasa, hivyo usikitoe kamwe. Na unapokabidhi, tafadhali usiwapige picha.