Muulize Fundi: kwadi gani yavuta zaidi, shambani na ufuoni?

SWALI: Asalam aleikum fundi. Mimi nna shamba la minazi na mikorosho huku Msambweni ndani ndani, kutoka lami ni kama kilomita 3 za mchanga halafu kuna bonde, masika yakianza lile bonde lawa tope na gari haipiti kabisa. Nataka kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya kuvuta trela, nipeleke maji kwa mitungi na nitoe nazi. Kijana mmoja aniambia nichukue ya sisi 700 (cc, ukubwa wa injini) ndio yenye nguvu, mwengine asema Honda ya 420 yatosha na haifi. Mfuko wangu si mkubwa. Nimsikize nani?
Msomaji, Msambweni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Wote wawili wamekupa nusu, kwa sababu wote wameangalia injini, na trela halivutwi na injini peke yake.

Tazama hii. Yamaha wana Grizzly 700 yenye injini ya sisi 686, na wana Kodiak 450 ambayo kusema kweli ni sisi 421 tu. Kwa tarakimu za Marekani zote mbili zimeandikiwa kuvuta kilo 600, sawasawa, pauni 1,322. Sasa njoo kwa Honda Rancher, injini yake ni sisi 420, yaani karibu ukubwa mmoja na hiyo Kodiak, lakini yeye kaandikiwa kilo 385. Kwa hivo yule kijana wa 700 muulize hapo akueleze vipi. Kiwango cha kuvuta mtengenezaji hakiweki kwa injini tu, kuna fremu, kuna breki, kuna uzito wa kwadi yenyewe na pale pa kufungia trela, maana kuvuta ni jambo moja na kusimamisha ni jambo jengine, trela zetu nyingi hazina breki na mkiwa mwateremka ndilo litakalokusukuma wewe.

Sasa tupige hesabu ya mitungi. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20 za maji, na plastiki yake tuseme kilo 21. Trela la chuma la kuchomelea hapa kwetu tuchukulie lina kilo 150, na hizo zahesabiwa ndani ya kile kiwango, watu wengi hapa ndipo wakosea. Kwa Rancher wabaki na kilo 235, hiyo ni mitungi 11. Kwa yenye kilo 600 wabaki na 450, mitungi 21. Lakini hivo viwango ni vya ardhi ngumu iliyo sawa, na wewe una mchanga. Mimi kwa mchanga mkavu nakata nusu, na siku ya tope pia nakata nusu, na sijawahi kujuta kwa hilo. Kwa hivo ukiniambia wataka kupeleka mitungi 20 safari moja na Rancher ntakwambia hapana, fanya safari nyingi ama panda daraja uchukue ya kilo 600.

Ile habari ya "haifi" ina ukweli wake lakini. Honda hizi zaenda kwa giya za chuma kama pikipiki, hakuna belti ya mpira ya kupeleka nguvu magurudumuni. Yamaha, Polaris, Suzuki KingQuad kubwa na Can-Am zatumia belti, na belti kwa dereva mzuri yakaa miaka, ila kwa kijana wa shamba anaevuta mzigo kwa H (giya ya mbio) badala ya L (giya ya nguvu, ya polepole), mkono kwenye moto tu, yaungua mapema na huko ndani uliko spea mpaka uje Mombasa. Ukitaka giya na ule uvutaji wa kilo 600 pamoja, Honda Foreman na Rubicon za 520 kuanzia modeli ya 2020 zilipandishwa mpaka hapo, lakini bei yake nayo yapanda. Polaris Sportsman 570 za kuanzia 2021 zimeandikiwa kilo 612 na fowili yake (magurudumu yote manne kuvuta) yaingia yenyewe magurudumu ya nyuma yakiteleza, hiyo ni raha sana kwa bonde kama lako kwa sababu dereva hana haja ya kufikiria.

Ningekuwa mimi, kwa mfuko wako, ningetafuta hiyo Kodiak 450 ama iliyo karibu nayo, na pesa iliyobaki ningeiweka kwa tairi na kwa trela. Grizzly 700 ni kwadi nzuri mno, ina kitufe cha fowili na chengine cha kufunga difu ya mbele (magurudumu mawili ya mbele yazunguke pamoja), na mlimani na mzigo hutaisikia ikilia, lakini hutavuta kilo moja zaidi kihalali, utakuwa umelipia mbio. Na usinunue tairi za tope zenye meno marefu ukidhani zitakusaidia kote, kwenye mchanga zile zachimba, wakanyaga moto na kwadi yashuka mpaka tumbo lakaa chini. Chukua za meno ya wastani, na upepo uwe kidogo, kwadi nyingi zatakiwa kama paundi 5 hivi, na kipimo cha petroli steshoni hakisomi vizuri chini hivyo, nunua chako kidogo uweke chini ya kiti. Hilo la upepo pekee yake limetoa watu wengi mchangani kuliko injini.

Moja tena na hili nakuomba kabisa: kamba ama trela lifungwe pale chini penye ndoano, kamwe si kwenye keria ya nyuma. Ukifunga juu na mzigo ukikwama, magurudumu ya mbele yanyanyuka na kwadi yakuangukia mgongoni, na yenyewe ina kama kilo 300. Na mtu wa pili asipande, kiti ni kirefu lakini nyingi ni za mtu mmoja.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuna boti ya faiba huku Kikambala, twaitoa majini na kwadi ya sisi 500 lakini kila mara trela lazama na kwadi yachimba. Tununue kubwa zaidi?
Mama wa Kikambala

JIBU: Marahaba mamangu. Usinunue, sisi 500 yatosha kabisa kwa boti ndogo. Ngoja nikuulize, trela lenu lina tairi gani? Najua utaniambia nyembamba za gari dogo, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kwadi ina tairi pana za upepo mdogo yaelea juu ya mchanga, nyuma yake mwaburuta kitu chakata mchanga kama kisu. Tieni tairi pana kwenye trela na mtoe upepo, mtaona tofauti siku hiyo hiyo.

La pili ni wakati. Bamvua huku kwetu maji yapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukisubiri maji yapwe sana waivuta boti njia ndefu, na yakijaa sana wavuta kwenye mchanga mkavu wa juu ambao ndio mbaya kuliko wote. Ule mchanga mgumu ulioroa hapo kati ndio wenu. Halafu tumieni kamba ndefu, trela libaki chini kwenye maji na kwadi iende mbele mpaka ipate pagumu ndio ianze kuvuta, taratibu, L na fowili, bila kustua.

Kama mna winchi (ngoma ya mota ya kuvutia kamba), jueni ile nguvu iliyoandikwa ni ya kamba ikiwa imebaki tabaka la kwanza kwenye ngoma, kamba ikiwa imejaa ngoma nguvu yapungua. Kwa hivo itoeni yote mpaka karibu na mwisho (muache mizunguko kadhaa lakini, isichomoke). Mkifunga kamba yake kwenye mnazi ili mvute, tumieni mkanda mpana si waya, msiukate ngozi. Tupieni gunia lenye mchanga kidogo ama blanketi juu ya waya na watoto waondoke kabisa, waya ukikatika warudi na kasi ya kukata mguu, nimeuona ukipasua mlango wa gari na sisahau.

Na chumvi jamani. Kila mkitoka, maji baridi, si chumvi, chini kote, redieta, beringi za magurudumu za kwadi na za trela, halafu grisi. Mkizamisha beringi za moto kwenye bahari zavuta maji ndani zikipoa, kwa hivo mukifika ufuoni ngojeni zipoe kwanza. Na usiku msipite juu kule karibu na majani, kasa wataga huko na mayai yao hayaonekani.

SWALI: Fundi, kwadi yangu yanuka mpira uungua nikivuta na baada ya kupita maji haiendi, injini yalia tu.
Kijana, Likoni

JIBU: Belti hiyo mwanangu. Maji yameingia kwenye kasha lake, yateleza. Simama, usiendelee kukanyaga. Kwadi nyingi zina tundu la kutolea maji chini ya kasha, fungua, funga tena, halafu weka nyutro upige moto kidogo ili ikauke. Na kuanzia leo mzigo ni L. Kama harufu yarudi na ardhi ni kavu, fungua kasha uitazame, ikiwa imeng'aa pembeni ama ina nyufa ibadilishe kabla haijakatika, kwa sababu ikikatika huko ndani vipande vyake vyajizungusha kwenye puli na hapo utalipa mara mbili.