Kabla hujatuma hela ya nauli

Wiki hii maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi. Kwa wageni wa safu hii: kabla sijaanza kuandika nilikata tiketi Ubungo kwa miaka minne, enzi stendi haijahamia Mbezi Louis. Kwa hiyo ya mabasi nayasema kama mtu aliyekaa ndani ya kibanda. Mengine nimejifunza kwa kupigwa, kama ninyi.

Naishi Kimara, nakwenda Dodoma kikazi mara mbili kwa mwezi, nauli najilipia mwenyewe. Mume wangu ananicheka kwamba napanda basi wakati treni ipo. Nani yuko sahihi? — Mama J., Kimara

Mama J., tufanye hesabu ya mlango kwa mlango, maana nauli peke yake inadanganya. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa 31,000. Kwa mabasi, viwango vya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, vya Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Mpaka Dodoma ni kama kilomita 450, kwa hiyo odinari inacheza kwenye 22,000 na semi-laksheri 30,500. Ukipanda basi lenye kiyoyozi, basi, umeshalipa nauli ya treni.

Sasa weka muda. Treni inatumia kama saa nne tu njiani. Basi linakula siku: foleni ya malori Chalinze, chakula Morogoro, na dereva anayesimama kwa "dakika kumi" mnazozijua. Wewe wa Kimara unafaidi jambo moja, stendi ya Mbezi iko pua na mdomo, wakati treni inakutaka ushuke mjini mapema na kitambulisho mkononi, jina lilingane na la kwenye tiketi. Dodoma kwenyewe hakuna mshindi. Treni inakushusha Mkonze, basi Nanenane, kote unahitaji bajaji, na bei ya bajaji inapatanwa kabla hujakaa.

Pesa yako iko kwenye gesti. Kama kikao kinaisha alasiri na ukipanda treni unalala nyumbani, umeokoa chumba cha usiku mmoja na chakula cha jioni, na hapo shemeji yangu kashinda. Kama lazima ulale, au umebeba mzigo, panda odinari yako na umwache acheke.

Nimepata tiketi ya ndege ya bei nzuri kwenda Dubai. Imeandikwa tarehe 14, saa 00:40. Nitatoka nyumbani tarehe 14 jioni, nisichelewe foleni ya Tazara. Sawa? — Kijana wa Tabata

Si sawa, na ushukuru umeuliza. Ukitoka tarehe 14 jioni utaikuta ndege ilishafika Dubai asubuhi yake na abiria wake wameshakunywa chai. Hiyo 00:40 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 14. Kiswahili chetu kimeshalimaliza jambo hili kwa neno moja, kuamkia. Andika kwenye kalenda: tarehe 13, saa tatu usiku, niko uwanjani.

Treni nayo inaandika saa hizo hizo za kimataifa. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Ubungo alinijia mzee mmoja saa sita mchana, kapu la dagaa kichwani, tiketi ya 06:00 kaishika kwa vidole viwili ili isichafuke. Basi lake wakati huo lilikuwa limeshapita Korogwe. Aliniuliza kwa upole kama ndilo linalopakia.

Kuna ukurasa Instagram: Zanzibar siku tatu, boti kwenda na kurudi, hoteli ya ufukweni, chakula na kisiwa cha Changuu, vyote 150,000 kwa mtu. Wanasema zimebaki nafasi nne, nitume leo. Nitume? — Dada wa Sinza

Dada yangu, toa kalamu. Ondoa boti kwenda na kurudi. Ondoa usiku mbili za hoteli, hata ya kawaida. Ondoa gari, chakula mara tatu kwa siku, na mashua ya kisiwani. Kilichobaki ndiyo faida ya huyo mwenye ukurasa, na ukipiga vizuri utaona ni hasi. Hakuna mfanyabiashara wa hasi.

Mimi nililizwa hivyo hivyo, Pasaka moja. Nilifika bandarini saa kumi na mbili kasorobo, begi mgongoni, nikakuta wenzangu kumi wamejikusanya karibu na geti. Kila mmoja alikuwa anaonyesha simu yake kwa mwenzake. Tiketi ilikuwa moja, namba ile ile, tofauti ni jina la abiria tu, tena limeandikwa kwa herufi nene kuliko maneno mengine, kama mtu aliyepaka chokaa juu ya ukuta wa zamani. Namba ya aliyetuuzia iliita mara mbili, kisha ikazimwa. Dada mmoja alikuwa kamleta mama yake, hajawahi kupanda boti. Mama akatuuliza, "Kwani sisi tunasubiri nini?" Hakuna aliyemjibu.

Tangu siku hiyo nina mazoea. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Likitokea jina la mtu binafsi wakati unalipa kampuni, futa muamala. Omba lipa namba yenye jina la biashara. Piga hoteli wewe mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe na si uliyopewa, uulize kama wana nafasi yenye jina lako. Tiketi ya boti ipeleke ofisi ya boti wakaisome. Anayeuza safari za kitalii kisheria ana leseni ya TALA, na jina la kampuni linatafutika BRELA, kwa wasajili wa biashara. Mkweli hakasiriki ukimwomba hivyo. Tapeli ndiye anayekuambia "dada unanikosea heshima".

Kwenda mwenyewe wala si kazi. Kata boti daraja la kawaida kwa kitambulisho cha NIDA, ulipe bei ya mwananchi. Ukishuka Unguja utapokewa na papasi kibao, wale wanaowinda wageni bandarini. Salimia, shukuru, endelea kutembea. Gari namba 116 linakwenda Nungwi, 309 Jambiani, kwa nauli ya daladala, wakati teksi ingekutoza mara nyingi ya hapo. Ukiweza kwenda Aprili au Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi hushusha bei. Nyingine hufunga kabisa, kwa hiyo piga simu kwanza. Kama unafuatana na mgeni wa nje, mkumbushe bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44. Wewe haikuhusu.

Na Forodhani uliza bei ya mshikaki kabla haujapanda kwenye moto. Nasema hivi kwa uchungu.

Jamaa ananiambia kuna mashua ya mizigo kutoka Bagamoyo kwenda Unguja, hela ya soda tu. Inakuwaje? — Mwanafunzi, Mabibo

Usipande. MV Skagit ilizama Julai 2012 ikitoka hapa hapa Dar kwenda Zanzibar, na ilikuwa meli ya abiria, mchana, wakati wa upepo wa kusi. Mwaka uliotangulia, Septemba, ilikuwa Spice Islander kati ya Unguja na Pemba. Mashua ya mizigo haina jina lako kwenye orodha wala jaketi la kukutosha. Kama hela ya boti haijatimia, subiri itimie.

Desemba iliyopita nililipa 60,000 kwenda Moshi kwenye basi la kawaida kabisa, siti inabonyea. Mwaka huu nifanyeje? — Massawe, Ubungo Kibangu

Kaka Massawe, Desemba, mwezi wa Wachaga kurudi nyumbani kuhesabiwa, inakaribia na wenye mabasi wanaijua kuliko ninyi. Tumia hesabu ile ile ya kilomita. Mpaka Moshi ni kama 550: odinari isizidi sana 27,000, daraja la kati 37,000 na kidogo. Zaidi ya hapo ni wizi wenye risiti, au usio na risiti, na hapo ndipo nina la kuungama.

Kibandani kwetu, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, tulikuwa tunapokea hela moja na kuandika nyingine. Abiria anatoa mara mbili ya nauli, mimi naandika nauli halali kwenye tiketi, kisha namwambia kwa sauti ya chini, "Ukiulizwa njiani, umelipa hiyo hiyo iliyoandikwa." Tajiri wangu ndiye aliyeagiza, lakini mkono ulioandika ni huu. Abiria akienda kulalamika anaonyesha tiketi, na tiketi inamkana.

Kwa hiyo usilipe taslimu. Kata kwa mtandao, au lipa kwa simu ili kiasi ulichotoa kibaki kwenye ujumbe. Kikizidi kilichoandikwa, una ushahidi wa mashine mbili. Piga picha na namba za gari, uwapelekee maofisa wa LATRA pale pale Mbezi. Usimkabidhi hela mpiga debe aliyekudaka getini, hata akiwa amevaa fulana yenye jina la basi. Fulana zinauzwa Karume.

Ukiweza, ondoka wiki ya pili ya Desemba. Usipoweza, angalia mabasi ya usiku, ambayo yaliruhusiwa tena 2023 baada ya kuzuiwa miaka mingi. Au fanya ninavyofanya mimi: panda alfajiri ya Krismasi yenyewe. Utakosa misa ya asubuhi, lakini mbuzi utamkuta.

Nataka kwenda Mombasa kwa basi kupitia Horohoro. NIDA inatosha? — Fundi cherehani, Buguruni

Haitoshi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa vitambulisho vya taifa, sisi hatumo kwenye mpango huo. Unahitaji pasipoti, ambayo ni 150,000 na inaishi miaka kumi, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, ambayo ni nafuu zaidi kwa safari ya hapa jirani.

Cha pili ni kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanja angalau siku kumi kabla, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiki. Sindano ni moja kwa maisha yote, kwa hiyo ukiambiwa yako ya zamani "imeisha", mtu anatafuta chai. Usinunue kadi tupu mpakani: unalipia karatasi, ugonjwa unabaki pale pale. Na ukivuka, kumbuka shilingi yao moja ni karibu ishirini zetu. Ukiambiwa samaki ni "mia tano" usifurahi haraka.

Tuko marafiki watano, tunataka kuona simba bila kufilisika. — Gongo la Mboto

Mikumi. Ada ya kiingilio kwa Mtanzania mtu mzima ni 5,000, ukiongeza VAT ni 5,900, na getini hawapokei noti. Mkisikia wageni wanalipa kwa dola msidhani na ninyi ni hivyo. Gharama ni gari. Mkiwa watano mkagawana gari moja lenye paa la kufunguka, mnapumua. Mkiwa wawili, mtaumia. Fikeni jioni, laleni mji wa Mikumi, ingieni geti likifunguliwa tu, kabla simba hajaingia kivulini. Ukiona vumbi la magari matatu yamesimama pamoja, nenda huko.

Na kama hata hilo halitimii, pandeni basi la Iringa la asubuhi. Barabara kuu inakatiza hifadhini kama kilomita 50 na madereva wanatakiwa kupunguza mwendo. Mimi hukaa upande wa kulia. Nimeshaona twiga, nyumbu na tembo kwa nauli ya kwenda msibani.

Gesti moja Kigamboni imenitajia chumba kwa dola. Ni halali? — K., Temeke

Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za hapa nchini. Mwambie akutajie kwa shilingi. Kisha pigeni hesabu pamoja, maana wengine wakigeuza dola wanatumia kiwango cha ndotoni.

Nina 20,000 na Jumapili nzima. Nimechoka kukaa ndani. — Msomaji wa Manzese

Nenda stendi ya Makumbusho, panda daladala la Bagamoyo, kaa dirishani. Ukishuka, tembea kwa miguu Mji Mkongwe mpaka Caravan Serai, halafu chukua bodaboda kwenda magofu ya Kaole. Saa saba urudi soko la samaki, ukamwambie mama wa kukaanga akuchagulie changu wa saizi ya hela yako. Akikuuliza umetoka wapi, usiseme Dar. Sema Manzese, atapunguza.