Kwa mnaoanza kuwatafutia watoto wa Save mama na ndugu zao

Wadogo zangu, juzi nimeletewa jedwali la ubatizo lililojazwa vizuri kabisa, mistari imenyooka, rangi zimepangwa, na kwenye safu ya baba watoto zaidi ya kumi wana mzazi mmoja: Padri Ignoto. Aliyelijaza alinipigia simu usiku, kwa sauti ya chini, akiuliza kama tumwarifu baba askofu kwanza au tuendelee na kazi kimya kimya.

Kitabu kile ni cha Kilatini. "Patre ignoto" maana yake baba hajulikani. Hakuna padri pale, na askofu alale salama. Kwenye jedwali hilohilo kuna mtoto anaitwa Josephi na mama anaitwa Mariae, maana Kilatini hubadilisha mkia wa jina na mnakili amenakili mkia na vyote. Mimi nimecheka, lakini kosa hili nalipokea kila mwaka kutoka kwa kundi jipya, na kila mwaka naeleza upya kwenye simu hadi chaji inaisha. Basi leo naandika, msome, mwaka kesho muwasomee wenzenu.

Historia mnaijua, sitaimaliza yote hapa. Save, karibu na Butare, ndiyo misheni ya kwanza ya Wakatoliki nchini Rwanda, ya mwaka 1900. Baadaye Masista Weupe waliendesha pale makao ya watoto machotara, waliozaliwa na wanaume wa Kizungu na mama wa Kiafrika, wakakusanywa kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Uhuru ulipokaribia, Sista Lutgardis wa makao hayo alihangaika wapelekwe Ubelgiji, na karibu 300 wakapandishwa ndege. Wengine walipata familia, wengine wakaishia kwenye makao mengine hukohuko. Ndugu wa tumbo moja waligawanywa. Majina yalibadilishwa, tarehe za kuzaliwa zikawekwa za kukisia, na wapo waliokaa Ubelgiji miaka mingi bila uraia wowote. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017. Bunge lao lilipitisha azimio mwaka 2018, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel akaomba radhi kwa niaba ya serikali. Tangu hapo maombi yameongezeka na ninyi mkaajiriwa. Karibuni.

1. Msianze na jina la ukoo. Mnyarwanda wa enzi zile hakuwa nalo. Kila mtoto alipewa jina lake, baba lake, mama lake, kwa hiyo mnapomtafuta "ukoo wa Mukarukundo" mnautafuta ukoo wa mtu mmoja. Anzeni na tarehe ya ubatizo, namba ya ubatizo, kilima alichotoka mama, na jina la chifu mdogo wa pale. Tena mlitafute jina kwa tahajia zake zote: l na r huhamahama, na mmisionari aliyezoea Kifaransa huweka "ou" penye u. Nimewahi kuona mwanamke mmoja kwenye kitabu kimoja ana majina manne, na yote manne ni jina lilelile.

2. Someni ukingo wa ukurasa. Hili nikilisema watu huitikia "sawa mzee" halafu wanapiga picha katikati ya ukurasa, ukingo unakatwa. Sheria ya Kanisa inataka ndoa iandikwe kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa mtu, hata kama amefungia ndoa mbali. Kwa hiyo mama aliyebatizwa Save na kufunga ndoa Ngara miaka kumi baadaye anaweza kuwa ameandikwa ukingoni, kwa wino tofauti, na parokia ya ndoa imetajwa. Ukingo mmoja umewahi kuniokolea safari ya kwenda Bujumbura.

Kitabu kikiwa kimepotea au kimechomwa, msirudi nyumbani kulia. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko apeleke nakala kwa askofu kila mwaka. Na kumbukeni jimbo la Butare, wakati huo Astrida, lilianzishwa mwaka 1961. Nakala za kabla ya hapo ziulizeni jimbo la Kabgayi. Shajara za Mapadre Weupe, wamisionari walioanzisha Save, zilizoandikwa siku kwa siku kwa agizo la mwanzilishi wao Lavigerie, ziko Roma. Andikeni barua ya heshima, mtaje mwaka na misheni, msiseme "tunaomba kila kitu."

3. Msimamizi wa ubatizo ni dhahabu. Mama anaweza kuwa amehama au ameolewa, na jina lake amelizika. Msimamizi mara nyingi ni jirani au shangazi, na wajukuu wake bado wako palepale.

4. Msitangaze kanisani. Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Ilikuwa zamani, kabla ya radhi na maazimio haya yote, wakati kazi hii tuliifanya kwa barua na nauli za mfukoni. Mwanamke mmoja aliyelelewa Save, kisha Ubelgiji, alimtafuta mama yake. Faili lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kushika: jina la mama, kilima, msimamizi, hata mwaka ambao familia ilivuka Mto Kagera na wakimbizi wa kwanza, ule wakati wa machafuko ya 1959. Nikafuata nyayo hadi parokia moja upande wetu wa Tanzania. Pale nikakwama. Nilikuwa nauliza jina la usichana kijijini ambako mwanamke huitwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Watu wenyewe hawakujua kwamba Mama Fulani ana jina jingine. Wazee waliniambia hapana, na walikuwa wakweli.

Nilikuwa nimechoka, basi la kurudi Bukoba lilikuwa la alfajiri ya Jumatatu, na nilijiona mjanja. Jumamosi jioni nikamwandikia katekista kikaratasi cha matangazo. Nakikumbuka neno kwa neno, ingawa ningependa nisikikumbuke: anatafutwa mama aliyetoka Rwanda, jina fulani, "aliyemwacha mtoto chotara kwa masista wa Save," mtoto yupo Ubelgiji na anamtafuta, mwenye habari amwone katekista. Katekista alikisoma baada ya Misa ya kwanza, kati ya zamu ya usafi na michango ya bati la kigango.

Alikuwemo. Alikuwa amekaa na wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na kitenge cha sare. Mumewe alikuwa upande wa wanaume. Watoto wake walikuwa watu wazima, mmoja mwanakwaya. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia habari za Save. Hakusimama wala hakutikisika. Aliimba wimbo wa mwisho akaenda nyumbani.

Kijiji nacho kikaanza hesabu zake. Nani alitoka ng'ambo, nani ana umri huo, nani hapendi kusimulia ujana wake. Kufikia jioni walikuwa wamepatikana watatu. Wawili hawakuwa na habari yoyote na jambo hilo. Mmoja wa hao wawili, bibi wa miaka sabini na kitu, aliulizwa na mumewe mbele ya wakwe, akarudi kwa kaka yake na mkeka wake, na ilibidi paroko aende mwenyewe kusuluhisha. Haya yote niliyapata baadaye. Jumatatu alfajiri mimi nilikuwa kwenye basi, nikijisifu kwamba nimerusha ndoano.

Simu ya kwanza haikutoka kwa mama. Ilitoka kwa kijana wake mkubwa. Hakunisalimia. "Wewe ndiye uliyemtukana mama yangu kanisani?" Nikaanza kumweleza habari za kumbukumbu, haki ya mtoto kujua asili yake, maneno makubwa niliyokuwa nayo wakati ule. Akanisikiliza hadi mwisho kisha akauliza: "Na yeye mama, ulimuuliza?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Kabla sijarudi kule kuomba msamaha, nilikuwa tayari nimemwandikia binti Ubelgiji kwamba mama yake amepatikana, yu hai. Alishakata tiketi. Ikabidi nimpigie nimwambie asije, kwamba mama anasema si yeye. Alinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimempa mama na kumnyang'anya kwa wiki moja, mtu ambaye alishafanyiwa hivyo mara moja akiwa na miaka minne.

Mama hakutaka kuniona, na hakuniona mpaka alipofariki. Alimwita paroko. Paroko, kwa ruhusa yake, alinieleza sentensi moja tu ya mazungumzo yao, kwa sababu ilikuwa yangu: "Mwambie yule bwana, sikumwacha." Mtoto alikuja kuchukuliwa na tarishi wa serikali, mama akaambiwa atakwenda kusoma na atarudi likizo. Mimi nilikuwa nimesoma faili lote lile, nikijua jinsi watoto wale walivyochukuliwa, na bado kalamu yangu ikaandika "aliyemwacha", kwa sababu ndivyo lilivyoandika faili. Faili liliandikwa na waliomchukua.

Baada ya mumewe kufariki aliruhusu barua. Ilipita kwa paroko, sikuisoma. Nasikia baadaye walikuwa wakipigiana simu. Mimi sikuwemo, na ndivyo ilivyostahili.

Kwa hiyo utaratibu wetu wa sasa, unaowachosha na mnaouita urasimu, umetoka hapo. Mtu anafikiwa na mtu mmoja, mwanamke kama anayetafutwa ni mwanamke. Anafikiwa akiwa peke yake, kwa maneno mepesi: nina ujumbe wa mtu wa zamani, ungependa kuusikia? Akisema hapana, tumetoka, na hakuna jirani anayejua kwamba aliulizwa. Aliyeomba kutafutiwa haambiwi "amepatikana" mpaka aliyepatikana aseme ndiyo. Na redio, makundi ya WhatsApp ya jumuiya, kurasa za Facebook zenye picha ya mtoto mweupe mweupe na maneno "tusambaze jamani" ni tangazo lilelile la kanisani, tena hilo halifutiki. Nimemwona mmoja wenu mwezi huu. Anajijua. Futa.

5. Msiahidi fedha. Tangu tarehe 2 Desemba 2024 naona mmeanza kubeba hukumu ya Brussels mifukoni. Mahakama ya rufaa iliamua kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa kuwachukua kwa nguvu wanawake watano wa misheni ya Katende, Kasai, nchini Kongo, kila mmoja kabla hajafikisha miaka saba, na ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Ni hukumu kubwa na nilifurahi kama harusi. Lakini inawahusu hao watano. Ukishalitamka neno euro kwenye sebule ya watu Karagwe, ndugu watakuwa wengi kuliko watoto wa Save wote, na kila mmoja atakuwa na bibi aliyesimulia.

6. Kuhusu baba. Kitabu cha ubatizo kikisema hajulikani, mara nyingi serikali ya kikoloni ilimjua vizuri sana, kwa jina na kituo cha kazi. Majibu yako kwenye mafaili ya Brussels, na mtoto mwenyewe ana haki ya kuomba yatafutwe kupitia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji, iliyoendesha mradi wa Résolution-Métis wa kuchunguza habari za watoto hao. Msimwombee bila idhini yake. Msimsomee faili kwenye simu pia. Kuna lugha mle ndani ya maofisa waliomwandika mtoto wa miaka mitatu kama ng'ombe wa mnada, na mtu wa miaka sabini na tano asiipokee akiwa peke yake jikoni. Kipimo cha DNA kinasaidia, ila waambieni mapema kwamba kitaleta binamu wa Kibelgiji ambaye hana habari na huenda hataki kuwa nayo.

7. Ukiambiwa "huyu ni mama", uliza aliyezaa au aliyelea. Ukiambiwa "ndugu", uliza kwa nani.

8. Rwanda msiulize kabila, kwa njia yoyote, hata ya kuzunguka. Familia nyingi mnazozitafuta ziliishia kwenye mauaji ya kimbari ya 1994. Mkikuta kilima hakuna mtu, mwenyeji atawaambia mwenyewe akitaka. Kaeni, kunyweni mlichopewa, msitoe daftari.

9. Piga picha ukurasa mzima, andika jina la kitabu na namba ya ukurasa papo hapo, si hotelini. Mikono mikavu. Paroko hana muda na mashine ya nakala imeharibika, hiyo ni hali ya kawaida, msinipigie kuniambia.

10. Msipoteze miaka mkimtafuta mama tu. Waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 sasa ni wazee, na mama zao wengi wamekwisha kutangulia. Waliobaki ni wadogo zao wa tumbo moja, na wengi wao wanajua kitu: jina ambalo mama alilitaja akiumwa, picha iliyofichwa ndani ya Biblia, mtoto aliyeombewa kila Novemba bila kaburi. Hao ndio wa kutafuta kwanza mwaka huu. Majalada yenye alama nyekundu ni ya waombaji wanaoumwa. Yaanze hayo, yule wa Liège na wale ndugu wawili wa Antwerp. Kwa barua ya kwanza kwa familia nileteeni rasimu kabla haijatoka, hata kama nimelala, na jedwali lile la ubatizo lirudiwe kuanzia mstari wa kwanza.