Risasi za Kuwindia Bata Mzinga: Hesabu Chembe Kwenye Karatasi Kabla ya Kuingia Msituni

Katika msimu wangu wa kwanza wa kuwinda bata mzinga wa mwituni hapa Missouri, nilimjeruhi dume mkubwa aliyekuwa umbali wa yadi zipatazo 50. Aliruka ng'ambo ya kijito akatokomea vichakani, nami nikamtafuta hadi adhuhuri bila ya kumwona. Bunduki ilikuwa nzima na risasi zilikuwa za bei kubwa, lakini sikuwa nimewahi kutazama jinsi chembe zake, yaani marisau yanayojazwa ndani ya kila risasi, zinavyotawanyika zikifika mbali kiasi kile. Nilikuwa nimechagua marisau ya nambari 4 kwa sababu moja tu, kwamba ndiyo makubwa kuliko yote yanayoruhusiwa kwa ndege huyu katika jimbo hili, nikiamini kuwa ndege mzito hutaka chembe nzito. Wageni wengi wa uwindaji huu huamini hivyo, na ndiyo maana ninaandika.

Kifua cha bata mzinga kimefunikwa na manyoya mazito, mbawa ngumu na mnofu mnene, kwa hiyo chembe zinazoingia hapo humtesa ndege bila ya kumwangusha. Mahali pa kumlenga ni kichwa na shingo, ili chembe chache zifike kwenye ubongo au zivunje pingili za shingo, naye afe papo hapo. Shabaha hiyo ni nyembamba mno, na ndege mwenyewe hatulii. Kwa sisi tuliowaona wazee wetu wakiwapiga kanga wakiwa wanaruka, hili linahitaji kubadili fikra: kanga anayeruka hukamatwa na mtawanyiko mpana, ilhali bata mzinga hupigwa akiwa amesimama ardhini, na anachotaka ni chembe nyingi zilizobanana mahali padogo.

Nambari za marisau huenda kinyume, kwani nambari ikipanda chembe hupungua ukubwa. Ukitoa nambari hiyo katika 17, unapata kipenyo kwa sehemu za mia za inchi: nambari 4 ina inchi 0.13, nambari 5 ina 0.12 na nambari 6 ina 0.11. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka uhesabu chembe. Katika wakia moja ya madini ya risasi mna chembe takriban 135 za nambari 4, 170 za nambari 5 na 225 za nambari 6, na risasi ya kawaida ya bata mzinga ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na nambari yake ikipanda mtutu huwa mwembamba) hubeba wakia moja na robo tatu au zaidi. Mwenye nambari 6 anarusha chembe nyingi sana kuliko mwenye nambari 4, ingawa kila moja ni nyepesi na huchoka mapema. Kwa madini ya risasi, mimi hushauri watu waanze na nambari 5, kisha wajaribu 6, na wasikimbilie 4.

Hata hivyo, ushauri huo hautoshi, kwa sababu kila mtutu una tabia yake. Chukua karatasi yenye upana wa mita moja hivi, weka alama katikati, isimamishe yadi 40, kisha fyatua ukiwa umeegemeza bunduki vizuri. Tafuta mahali ambapo matundu yamesongamana zaidi, chora hapo duara la kipenyo cha inchi 10, na uhesabu. Kipimo ambacho wawindaji wengi hukifuata ni chembe 100 ndani ya duara hilo. Zikipungua, badilisha risasi, au badilisha choki, yaani kile kibanio kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Na zikikataa kabisa, sogea hadi yadi 30 na ukubali kwamba hapo ndipo mwisho wa umbali wako wa kupiga. Bunduki yangu ilinipa 112 kwa nambari 5 na 83 tu kwa nambari 6, wakati hesabu ya dukani ingekuambia mambo yawe kinyume. Usiridhike na mlio mmoja. Piga mitatu kwa kila aina.

Rudia jaribio hilo kwenye yadi 15. Choki inayobana sana hufanya chembe za karibu zikusanyike mahali padogo kama ngumi, na kukosea kidogo tu kunatosha kumwacha ndege aende zake. Tazama pia kama kitovu cha mtawanyiko kinaangukia pale ulipolenga, kwa maana bunduki nyingi hupiga juu au pembeni bila ya mwenyewe kujua.

Siku hizi kuna marisau ya tungsteni, yenye uzito wa gramu 18 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, dhidi ya gramu 11 za madini ya risasi. Kwa uzito huo, chembe ya nambari 9, ambayo ni ndogo mno, hupenya vya kutosha, na bunduki nyepesi ya geji 20 hufanya kazi ambayo zamani ilihitaji geji 12. Bei yake ni kali, kwani risasi moja huweza kuzidi dola 10. Kwa kijana au kwa mtu mwenye bega dogo, naona inafaa gharama hiyo. Kwa mwenye geji 12 anayejua kumvuta ndege hadi yadi 30, haina ulazima. Katika jimbo la California, ambako madini ya risasi yamekatazwa kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, aina zisizo na sumu ndizo pekee zilizobaki. Kuhusu risasi ndefu za inchi tatu na nusu, mimi niliziacha: teke lake hufundisha bega kuogopa, na mpigaji mwenye woga hufumba macho kabla ya kufyatua.

Kwa wanaowinda kwa bunduki mbili za geji tofauti katika familia moja, liko jambo ambalo sikubali lipuuzwe. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa makosa kwenye bunduki ya geji 12, huteleza ndani ya mtutu na kukwama mbele ya chemba, yaani pale risasi inapokaa. Mtu akidhani bunduki ni tupu, akatia ya geji 12 na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono wake. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Mimi na binti yangu hatuchangii mfuko wala koti, na kila alfajiri, kabla ya kutoka garini, tunamimina risasi zetu kwenye kiti na kuzitazama moja moja kwa tochi.